Tarehe ya Mpiga Gitaa

Kwa miaka kumi na saba kazi yangu ilikuwa kuwakumbuka Wamarekani waliokufa. Usicheke. Nilikuwa mtangazaji katika idhaa ya Kiingereza hapa Maskati, na kila siku saa sita na nusu za mchana nilikuwa na robo saa yangu ya kusema mambo yaliyotokea siku kama hiyo huko kwao. Leo miaka ishirini tangu itoke santuri fulani. Leo miaka thelathini tangu vijana fulani wapande jukwaani kwa mara ya kwanza. Leo fulani angetimiza hamsini kama si yale madawa yake. Halafu naweka wimbo, na wazungu wa mafuta waliomo ndani ya magari yao wanadhani mwanamke huyu kakulia Marekani. Mie Marekani sijaikanyaga. Kiingereza changu cha Mombasa, cha mwalimu mmoja aliyekuwa akitupiga rula za vidole.

Na hiyo rock yenyewe, muziki wao wa magitaa, bora niseme mapema, sikuipenda. Makelele. Nilichokipenda ni kadi. Nilikuwa na sanduku la mbao lenye kadi moja kwa kila siku ya mwaka, zote nimeziandika kwa mkono wangu: wino mweusi kwa waliozaliwa, mwekundu kwa waliokufa, buluu kwa santuri na matamasha. Habari nilizitoa katika majarida yaliyokuwa yakija kwa posta. Jambo likitimiza miaka inayoishia na sifuri au tano, kadi yake naipachika kibanio, na siku hiyo wimbo unapigwa wote mpaka mwisho badala ya kukatwa katikati. Mkubwa wangu wa kazi, Muingereza mmoja mpole, alikuwa akichungulia mlangoni na kikombe chake cha chai, anauliza, "Leo kuna kibanio?"

Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, vibanio vilinitosha kwa tabu. Kila kitu cha ujana wa Wamarekani kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na tano. Makundi yaliyovunjika kwa matusi na kesi za mahakamani yakawa yanapatana, wenyewe wanarudi jukwaani na vipara vyao na vitambi, wanaimba nyimbo za kumtaka msichana wa skuli. Santuri zilizochujuka zikatiwa ndani ya makasha ya dhahabu, ziuzwe upya kwa watu wale wale. Mwimbaji kafa zamani, watu wanasafiri siku nzima kwa gari kwenda kuweka maua. Mbele ya maikrofoni niliyasema yote hayo kwa sauti ya bashasha. Maikrofoni ikizimwa, nasonya. Watu gani hawa wasiochoka kujihesabu?

Lakini ukweli ulikuwa wivu, na wivu hauna dawa. Sisi hatukuwa na hata tarehe moja. Pasi yangu inasema nimezaliwa tarehe mosi mwezi wa kwanza, sawa na nusu ya ofisi nzima, kwa kuwa karani alipomuuliza mama, mama alimjibu, "Kazaliwa mwaka wa mvua nyingi," na kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika mvua. Hilo si kitu, watu tunaishi bila siku ya kuzaliwa. Ila baba yangu hakuwa na siku ya kufa.

Walimchukua Unguja, mwaka wa mapinduzi, mchana, kanyanyuka tu kutoka kwenye chakula. Alikuwa karani wa forodhani. Waliokuja kumchukua walimwambia avae viatu, na mama alikuwa akisema hilo ndilo lililompa moyo: mtu anayekwenda kuuliwa haambiwi avae viatu. Mie nilikuwa na miaka minne au mitano. Uso wake siukumbuki, nakumbuka viatu, vyeusi, vya kamba, na jinsi alivyochukua muda kuzifunga. Baadaye tukavushwa kwenda Mombasa kwa jamaa, nikasoma huko, na nilipomaliza skuli tukaja Maskati kama walivyokuja wengine wetu wengi. Katika muda wote huo hakuna mtu aliyesema baba yuko hai, na hakuna aliyesema kafa.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa mke wa mtu. Si mjane, si mtalaka: mke wa mtu. Posa zilikuja, akazirudisha kwa heshima. Mjomba wangu, kaka yake, aliyekuwa na duka la vitambaa Matrah, alimwambia mara ngapi sijui aende kwa kadhi amhukumie kuwa mumewe kafa, akae eda yake, awe huru kama wenziwe.

"Kadhi kamuona wapi kafa?" mama akimjibu. "Mie nimeolewa na mtu, sikuolewa na karatasi."

Na kila alipotaka kutoka, iwe harusini au msibani, alikuwa akisimama kwanza mlangoni na buibui lake, ananong'ona. Nilipokuwa msichana nilidhani ni dua. Siku moja nikasogea karibu nikasikiliza. Alikuwa anamuomba mumewe ruhusa ya kutoka. Anangoja kidogo, kama mtu anayejibiwa, halafu ndio anafungua mlango.

Safari moja tu hakuweza kuiombea ruhusa kwa kunong'ona, nayo ni Hija. Kila mwaka mjomba alimwambia, "Twende, mie ni maharimu wako." Kila mwaka mama alianza kutayarisha, akashona nguo nyeupe, kisha akazikunja. Kuvuka nchi bila idhini ya mume aliona haimuelekei. Sheikh wa msikiti wetu, hapa Khuwair ya Kusini tunapoishi, alimtumia salamu kwamba Hija ya faradhi haizuiwi na mume asiyejulikana alipo. Mama akasema, "Sheikh mkewe yuko jikoni, yeye atayajua wapi haya?" Mie nilikuwa nimeachika mapema, sina mtoto, tunaishi wawili tu, kwa hiyo mashauri yake yote yaliishia masikioni mwangu.

Mwaka ule wa vibanio vingi magoti yalianza kumshinda. Daktari akatuambia, bila kuzunguka, kwamba baada ya miaka miwili mitatu hatatembea. Tulipofika nyumbani alikaa juu ya zulia akalia mbele yangu, yeye ambaye hakuwa na tabia hiyo. "N'takufa sijaiona Kaaba," alisema. "Kwa ajili ya mtu ambaye mpaka leo sijui nimlilie au nimngoje."

Hapo ndipo nilipoamua. Nikaupika uongo wangu juma zima, kwa makini, kama ninavyoandika kipindi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kibanio. Mpiga gitaa mmoja, kafa angali kijana, miaka ishirini na tano kamili. Tarehe sitaitaja, nimeshaitaja vya kutosha katika maisha yangu. Nilisoma kadi, nikaweka wimbo wake wote mpaka mwisho, nikamaliza kazi, nikarudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa sebuleni anajipaka dawa magotini, redio iko wazi. Kiingereza hakujua hata neno, lakini kila siku alinisikiliza, ati apate kujua kama nna mafua.

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, nimekutana na mtu Matrah. Mzee wa Unguja, anapita kwenda Dubai. Alifungwa pamoja na baba."

Hakushtuka. Alifunga chupa ya dawa, akaiweka upande. "Kasema nini?"

"Kasema baba kafa, Mama. Humo humo jela. Kwa maradhi, hakupigwa." Hayo ya maradhi niliyaongeza kwa huruma.

"Lini?"

Lo! Juma zima nimepika, nimeunga, nimeonja chumvi, na tarehe nimeisahau. Mie! Mwanamke wa kadi! Mdomo ukafunguka wenyewe, ukatoa kile kilichokuwa karibu.

"Miaka ishirini na tano, Mama. Leo."

"Leo?"

"Tarehe kama ya leo. Ya kizungu. Ya Kiislamu hakuijua."

Alinitazama mpaka nikaona nimekamatwa. Halafu akasema, "Ndio maana moyo wangu mzito tangu mchana. Ule wimbo uliouweka ulinitoa machozi. Nikajiuliza, mie mtu mzima nalia nini na gitaa la watu?" Basi akaanza kulia. Alilia mpaka majirani wakaja. Nami nikalia naye, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, Mungu shahidi, kwa kuwa baada ya kuyasema yale hata mie niliona baba kafa.

Sheikh akasema kwa kifo cha zamani namna ile eda imeshapita. "Imepita kwa nani?" mama akauliza nyuma ya pazia. "Mie sijaikaa." Sheikh akafikiri, akasema wako wanazuoni waliosema eda ya mke huhesabiwa tangu siku khabari inapomfikia. Mama akakaa. Miezi minne na siku kumi, kamili, isipungue hata moja. Akavua bangili, akafungia wanja na udi kabatini, hakutoka hata barazani. Kuna wanawake walikuja kumpa mkono wa pole wakiwa wanacheka chini chini, mke wa miaka sitini anamkalia eda mtu wa zamani. Yeye aliwapokea wote, amekaa wima juu ya godoro lake, na niliona uso wake umetulia, uso wa mtu aliyepata cheo chake baada ya kungoja sana.

Siku zilipokwisha alioga, akajifukiza, akavaa nguo mpya, akalala tangu asubuhi mpaka magharibi. Sijawahi kumuona mama yangu kalala mchana. Nikasimama mlangoni nikamtazama, nikajipongeza. Wallahi nilijipongeza. Nikasema moyoni, uongo mwengine ni sadaka.

Baada ya mwezi na kitu akaenda Hija na kaka yake. Alipofika mlangoni na sanduku lake nilingoja anong'one. Hakunong'ona. Alitoka tu.

Akarudi mwepesi, mchangamfu, na hadithi zake. Moja alinihadithia mara nyingi: kwamba huko Makka, ndani ya msikiti, alikaa karibu na mwanamke mmoja hujaji kutoka Tabora, wakazungumza Kiswahili, mama akafurahi kama kampata ndugu. Akamuomba amuitikie amin, wamuombee mumewe marehemu. Akamtajia jina la baba, jina la babu, tarehe aliyokufa, eda aliyomkalia na khitma atakayomsomea kila mwaka. Yule mwanamke akaitikia amin, na mwisho akasema, "Ajabu, na sisi kwetu tuna mzee mwenye jina hilo hilo." Mama aliniambia hayo huku anacheka. "Majina ya Waarabu," alisema, "ni kama mchele, yako kila mahali." Na mie nikacheka.

Kuanzia hapo kila mwaka tulisoma khitma siku ile. Jamaa wa upande wa baba, wa kule ndani ya nchi, ambao hawakuwahi kutoka Oman, walituma maneno kwamba mambo haya ya kila mwaka hayamo katika dini. Mama akawajibu, "Mwanangu anawakumbuka makafiri kila siku saa sita na nusu. Mume wangu ndio asikumbukwe?" Basi saa sita na nusu nilisoma kadi ya mpiga gitaa, wimbo nikaukata katikati kwa kuwa mwaka si wa kibanio, na alasiri nikawa nyumbani natandika mikeka, nagawa juzuu, namimina kahawa. Mchana nilimtaja maiti kwa Kiingereza, alasiri kwa Kiarabu. Mwaka wa thelathini kibanio kilirudi, wimbo ukapigwa wote, na nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshalia peke yake. Sikuona haya. Nilizoea. Binadamu anazoea kila kitu, hata kaburi lisilokuwa na mtu.

Miaka mitano tena ikapita. Magoti ya mama, kwa kuchelewa, yakafanya alivyosema daktari. Wiki mbili kabla ya khitma, mwanamke mwengine wa Tabora anayeuza vitumbua nyumbani kwake Matrah akanipigia simu kazini. Kuna kijana kafika kutoka bara, ana jina la ukoo wetu, ananitafuta mie mtu wa redio. Nikadhani ni wale wanaotafuta jamaa ili wapate makaratasi ya uraia. Nikaenda asubuhi kabla ya kazi, kwenye mkahawa wa chai mbele ya bahari, na hasira yangu nimeishika tayari mkononi.

Akasimama aliponiona. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Dada yako kwa nani?"

"Kwa baba," akasema.

Hakubishana, hakuniapia. Alitia mkono mfukoni akatoa pasi ya kusafiria, akaifungua penye picha, akaiweka mezani baina ya vikombe. Mzee mwembamba, kofia imekaa upande, anatazama kama anayeambiwa asicheke. Jina la baba yangu, jina la babu. Nikaangalia siku iliyotolewa pasi: mwezi wa pili, mwaka ule ule mama alipomaliza eda. Nikaifungua kurasa zote, moja moja. Hapakuwa na muhuri hata mmoja.

Yule kijana alizungumza polepole, Kiswahili cha bara, na mie nilikuwa namsikia kama mtu aliyeko chumba cha pili. Baba alifungwa miaka, alipotolewa hakuruhusiwa kutoka kisiwani miaka mingine. Alipoweza kufika Mombasa kututafuta, tulikuwa tumeondoka mwaka mmoja nyuma. Mmoja akamwambia tuko Dubai, mmoja akamwambia Kuwait. Akaenda Tabora kwa jamaa, akawa anaoka mikate, akaoa, akazaa. Hakuacha kuuliza. Katikati ya miaka ya tisini mtu mmoja aliyekwenda kutoka Maskati akamwambia, mkeo yuko Khuwair, binti yako anasema redioni. Baba akakata pasi, akapiga picha, akashona kanzu. Barua hakutaka kuandika. Alisema habari kama hii haisemwi kwa barua, mtu anaileta mwenyewe kwa miguu yake.

"Halafu mahujaji wakarudi," alisema yule kijana.

Yule mwanamke aliyeitikia amin alifika Tabora akahadithia ile ajabu yake, na wiki haikwisha ikamfikia baba. Kwamba mkewe kamkalia eda. Kwamba atamsomea khitma kila mwaka. Kwamba kamuombea rehema mbele ya Kaaba, na tarehe ya kufa kwake anayo.

"Akafanya nini?" nikauliza.

"Alicheka kwanza. Kisha siku mbili akaoka mikate kama kawaida. Kisha akasema, 'Wameshamaliza kulia. Nikienda nitawaanzishia upya.' Pasi akaifungia kwenye sanduku." Kijana akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Na kila mwaka ikifika ile tarehe, alikuwa anatukusanya baada ya alasiri tumsomee Yasini. Tunamwambia, baba, wewe si uko hai? Anasema, 'Someni tu. Huko wanasoma, nami nisiachwe nyuma.'"

Kafa baada ya miaka mitano ya hayo. Kwa maradhi, hakuteseka. Yule kijana akanipa tarehe yake, ya kweli, kizungu na Kiislamu, na sikuwa na kadi ya kuiandika.

Watu wetu husema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Ilitoka Khuwair mpaka Makka, Makka mpaka Tabora, na kule ikamkuta mzee na kanzu mpya imekunjwa sandukuni, ikamrudisha ndani. Sikumuua baba yangu, hilo najua. Nilifanya zaidi: nilimshauri afe, naye akanisikiliza. Na siku niliyomchagulia hata si yake, ni ya kijana mmoja wa Marekani aliyepiga gitaa, ambaye ana watu wake wa kumlilia nchi nzima.

"Kuna jambo baba aliniachia nikuulize," yule kijana akasema. "Alisema, 'Ukimpata dada yako, muulize ile tarehe waliipata kwa nani.' Yeye alidhani pengine mfungwa mwenzake alimchanganya na mtu mwingine. Hakuwa na kinyongo. Alitaka kujua tu."

Nikamuagizia chai nyingine. Na yeye, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, hakurudia swali. Akaomba kitu kimoja: aje amsalimie mama mkubwa, ambusu mkono, basi. Nikamwambia mama mgonjwa, hapokei wageni. Akainamisha kichwa. Alipoinuka kuniaga nilitazama viatu vyake. Vyeusi, vya kamba. Akainama kukaza kamba, akachukua muda wake, mie nimesimama naangalia.

"Kaa na hii," akasema, akanisukumia pasi. "Wewe ndiye mkubwa wetu." Baada ya siku nne akarudi kwao.

Nikaitia pasi mkobani. Wiki mbili nilitembea nayo. Kila nilipofika nyumbani nilisema leo nitamwambia. Nitamwambia nini? Kwamba alihiji mke wa mtu bila ruhusa? Kwamba alipokuwa amekaa wima juu ya godoro, anapokea mikono ya pole, mumewe alikuwa studio anapiga picha ya pasi? Kwamba miaka mitano alikuwa na mume? Nilijichukia mpaka nikawa sili. Mama akaniambia nimekonda, nikasema kazi nyingi.

Siku ikafika, mwaka wa thelathini na tano, ya kibanio. Mkubwa wangu mpole alikuwa ameshastaafu, mlangoni akachungulia mwengine, kijana, akauliza lile lile. Nilisoma kadi. Sauti haikutetereka, na hilo nalo nimejichukia. Nikaweka wimbo wote, nikavua vipokea sauti vya masikio nisiusikie.

Khitma ikasomwa, wanawake wakala sambusa, wakaondoka. Nilikuwa nakusanya vikombe mama aliponiita. Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli.

"Acha vikombe. Kaa hapa."

Nikakaa chini karibu yake, mkoba wangu begani.

"Yule uliyemtaja leo redioni," akasema, "mpiga gitaa. Mtu wa wapi?"

"Wa Marekani, Mama."

"Najua wa Marekani. Miaka saba sasa najua." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kila mwaka siku hii ni wimbo ule ule. Nikasema, mbona mwanangu anamuekea baba yake gitaa? Siku moja mke wa mjomba wako yupo hapa, na yeye Kiingereza anakijua, nikamuuliza, anasema nini huyu? Akanambia, anasema leo ni miaka ishirini na nane tangu afe mpiga gitaa. Mie sikusoma, lakini kuhesabu najua. Nikajua mwanangu kanipa maiti wa watu."

Nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono.

"Nilikukasirikia juma zima. Wewe hukujua, nilisema jino linaniuma. Halafu nikafikiri. Nikasema huyu hakunidanganya ili apate kitu, kanidanganya ili nende kwa Mola wangu. Nimekwenda. Nimelia, nimehiji, nimelala usingizi. Nimekusamehe zamani. Leo nimekuona unavyokonda, nikasema labda ni hilo. Usikae nalo, mwanangu. Litupe."

Nililia na kichwa changu kwenye yale magoti yake mabovu. Yeye ananipapasa nywele, na mie nafikiri, huyu ananisamehe sindano, na mkobani nimeficha kisu.

"Ila niambie moja," akasema, "na leo usinidanganye. Kweli hapakuwa na mtu yeyote? Hakuna hata mmoja aliyemuona baba yako, tangu siku ile alipovaa viatu?"

Mkoba ulikuwa umegusa mguu wake. Angenyoosha mkono tu angeifikia pasi.

"Hakuna, Mama," nikamwambia. "Hakuna aliyemuona."

Akashusha pumzi, akanipigapiga begani kama mtoto anayebembelezwa alale.

"Basi kweli kafa," akasema. "Angekuwa hai, angekuja."